Wastani Wenye Uzito: Namna Vyuo Vikuu vya Marekani Vinavyosoma Alama za Mtoto Wako

Mzazi anayepokea hati ya matokeo kutoka shule ya sekondari ya Marekani mara nyingi hukuta humo wastani wa aina mbili, umoja kando ya mwingine. Tuseme mmoja ni 3.67 na mwingine ni 4.08. Mtoto ni yuleyule, masomo ni yaleyale, na mwaka ni uleule. Wazazi hutuuliza upi kati ya hizo ndio wa kweli, na chuo kikuu kitatazama upi. Jibu letu huwashangaza wengi: yote miwili ni ya kweli, na inawezekana kabisa kwamba chuo hakitatumia hata mmoja.

Jambo hili si la mapambo. Wastani huo humweka mwanafunzi ndani au nje ya orodha ya wanaodahiliwa, na katika baadhi ya majimbo huamua kama familia italipa ada au italipiwa. Maamuzi yanayoujenga hufanywa mapema mno, mara nyingi mtoto akiwa darasa la 8, kwa fomu ya kuchagua masomo ambayo mzazi huitia sahihi bila kuelezwa ina maana gani.

Mizani ya pointi nne

Katika shule nyingi za Marekani, asilimia 90 na zaidi ni A, 80 hadi 89 ni B, 70 hadi 79 ni C, 60 hadi 69 ni D, na chini ya hapo ni F, yaani mwanafunzi hakufaulu. A huhesabiwa pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1, na F haina kitu. Pointi za masomo yote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya masomo. Kinachopatikana ndicho wastani wa kawaida, unaojulikana kwa kifupi kama GPA, na kilele chake ni 4.0.

Hapa ndipo mzazi aliyesomea kwingine anapoweza kupotoshwa na mazoea yake. Aliyesoma Tanzania amezoea mizani iliyogeuzwa: katika mtihani wa kidato cha nne, pointi 7 hadi 17 ndizo daraja la kwanza, na kadiri pointi zinavyopungua ndivyo sifa inavyopanda. Aliyesoma Kenya anaijua A yenye pointi 12. Aliyesoma Kongo anajua kwamba mtihani wa taifa hufaulu kwa asilimia 50, na kwamba asilimia 70 si ya kubezwa hata kidogo. Mzazi huyo akiona 72 kwenye ripoti ya mwanawe hufurahi na kumpongeza, ilhali shule imekwisha kuandika C, na C chache za namna hiyo zinatosha kuuteremsha wastani chini ya 3.0, ambao ni kizingiti cha milango mingi. Hatusemi pongezi hiyo ni mbaya. Tunasema ifuatwe na mazungumzo na mwalimu muhula haujaisha.

Uzito hutoka wapi

Shule ziliona kwamba wastani wa kawaida haumtendei haki mwanafunzi anayechukua masomo magumu. B ya fizikia ya juu na B ya somo jepesi zote ni pointi 3, na kijana mwenye akili ya hesabu angeweza kuamua kukwepa fizikia ili alinde wastani wake. Ndipo ukabuniwa wastani wenye uzito, ambao kwenye karatasi za shule utauona umeandikwa kwa neno la Kiingereza Weighted. Somo gumu huongezewa pointi juu ya zile za kawaida. Masomo yanayopewa nyongeza kwa kawaida ni yale ya Advanced Placement, yaani AP, yanayosimamiwa na taasisi ya College Board. Yale ya International Baccalaureate, yaani IB, mfumo ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Masomo ya chuo ambayo mwanafunzi huyasoma akiwa bado sekondari. Na masomo ya kiwango cha juu ya shule yenyewe, yanayoandikwa kwa jina la Honors.

Tuchukue binti mmoja wa darasa la 11 mwenye masomo sita. Amepata B katika Kiingereza cha AP na B katika historia ya AP. Amepata A katika kemia ya Honors, na A katika hesabu, Kifaransa na sanaa, ambayo ni masomo ya kawaida. Wastani wake wa kawaida ni pointi 22 kwa masomo 6, yaani 3.67. Shule yake ikiongeza pointi 1 kwa kila somo la AP na nusu pointi kwa Honors, jumla huwa 24.5 na wastani 4.08. Akihamia shule ya mji wa pili inayoongeza pointi nzima kwa Honors pia, atakuwa na 4.17. Akihamia shule isiyoongeza chochote, atarudi kwenye 3.67, bila yeye kujua zaidi au kusahau lolote.

Kwa hiyo 4.08 peke yake haina maana mpaka ujue ni shule ipi iliyoihesabu na kwa kanuni gani. Kuna majimbo yaliyoweka kanuni moja kwa shule zote za umma. North Carolina, kwa mfano, huongeza nusu pointi kwa Honors na pointi 1 kwa AP, IB na masomo ya chuo. Kwingi kwingineko kila wilaya ya shule hujiamulia. Kulinganisha wastani wa mwanao na wa binamu yake aliye jimbo la mbali ni sawa na kulinganisha bei ya shilingi ya Kenya na ya shilingi ya Tanzania kwa sababu tu zote huitwa shilingi.

Uzito una vituko vyake. Mwanafunzi mwenye masomo matano ya AP na A katika yote ana wastani wa 5.00. Akiongeza somo la sita la muziki wa kawaida, na akapata A, jumla yake huwa pointi 29 kwa masomo 6, yaani 4.83. Ameadhibiwa kwa kupata A. Tumewasikia wanafunzi wakiacha kwaya na uchoraji kwa hesabu hii. Kwa maoni yetu, anayeacha somo alipendalo kwa ajili ya desimali hizo hufanya biashara ya hasara, kwa sababu iliyo katika sehemu inayofuata. Isipokuwa tu pale nafasi ya mwanafunzi darasani inapokuwa na nguvu ya kisheria, jambo ambalo pia tutalieleza.

Kila mlango na hesabu yake

Vyuo vingi huichukua hati ya matokeo na kuihesabu upya kwa kanuni yao. Baadhi huondoa nyongeza zote za shule. Wengine hutazama masomo makuu tu: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia na lugha ya kigeni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Chuo Kikuu cha California chenye matawi yake mengi. Chuo hiki huhesabu alama za masomo yaliyoidhinishwa, yaliyosomwa darasa la 10 na la 11 pamoja na likizo za kiangazi zinazoyazunguka. Alama za kuongeza na kupunguza hazitazamwi: B+ na B- zote ni B. Pointi 1 huongezwa kwa kila muhula wa AP, IB au somo la juu lililoidhinishwa, mradi mwanafunzi amepata C au zaidi, lakini kwa mihula isiyozidi 8, na kati ya hiyo isiyozidi 4 iwe ya darasa la 10. Mkazi wa California anatakiwa awe na angalau 3.0, anayetoka nje ya jimbo, 3.4. Tena, somo la Honors la shule iliyo nje ya California halipati nyongeza huko, hata kama shule yake imelipa uzito.

Tufanye hesabu. Kijana ana alama za mihula 20: A 12 na B 8. Hizo ni pointi 72, na wastani wa kawaida ni 3.60. Mihula 12 kati ya hiyo ilikuwa ya AP. Shule yake imeongeza pointi zote 12, na hati inaonyesha 4.20. Chuo kitahesabu nyongeza 8 tu, na kupata 4.00. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, lakini familia iliyotazama orodha ya wastani wa waliodahiliwa mwaka uliopita na kujipima kwa 4.20 imejipima kwa kipimo kisicho cha mlango ule.

Zaidi ya hesabu, hati haiendi peke yake. Shule hutuma pamoja nayo maelezo kuhusu shule yenyewe: inatoa masomo gani ya juu, na inahesabu uzito namna gani. Mshauri wa wanafunzi pia huulizwa, katika fomu zinazotumiwa na vyuo vingi, masomo aliyoyachagua mwanafunzi yalikuwa magumu kiasi gani yakilinganishwa na yale yaliyopatikana hapo shuleni. Mtoto wa shule yenye masomo matatu tu ya AP hapimwi kwa ishirini ya shule ya jirani. Ndiyo maana tunasema desimali za uzito hazina nguvu wanazodhaniwa kuwa nazo. Kinachosomwa kwa makini ni orodha ya masomo na alama ya kila somo.

Wazazi huuliza pia kama ni heri A katika somo la kawaida au B katika somo la AP. Kwa shule inayoongeza pointi 1, zote ni pointi 4. Tunashauri somo gumu pale mtoto anapoweza kushika B bila kukosa usingizi, na si masomo yote kwa mwaka mmoja. D katika somo la AP haimsaidii mtu.

Pale uzito unapogusa mfuko

Jimbo la Georgia lina ufadhili wa HOPE, unaosaidia kulipa ada ya chuo kwa mwanafunzi aliyemaliza sekondari akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi. Wastani huo hauhesabiwi na shule. Huhesabiwa na tume ya jimbo ya fedha za wanafunzi, kwa masomo makuu tu, kuanzia darasa la 9. Tume huondoa nyongeza zote za shule, kisha huongeza nusu pointi kwa masomo ya AP, IB na ya chuo, bila kuvuka 4.0. Honors haipati kitu.

Mfikirie kijana mwenye alama 10 za masomo makuu: A 1, B 6 na C 3. Hizo ni pointi 28, wastani 2.80. Masomo sita kati ya hayo yalikuwa ya Honors na shule imeongeza nusu pointi kwa kila moja, hivyo ripoti iliyobandikwa jikoni inasomeka 3.10. Familia imelala ikijua ufadhili upo. Tume itasoma 2.80, na ufadhili haupo. Anaweza kustahiki baadaye akiwa chuoni, baada ya krediti 30, akiwa na wastani wa 3.0, lakini ada ya mwaka wa kwanza itakuwa imetoka mfukoni. Yote haya yangeonekana mapema, kwa kuwa mwanafunzi wa Georgia anaweza kuutazama wastani wake wa HOPE katika akaunti yake ya GAfutures tangu akiwa sekondari. Florida nayo ina ufadhili wa Bright Futures, wenye hesabu yake ya uzito iliyo tofauti na hii. Popote ulipo, uliza: ni nani anayehesabu wastani wa ufadhili, na mwanangu anaweza kuuona wapi leo?

Texas ina jambo lake. Tangu sheria ya mwaka 1997, wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao hudahiliwa moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo, isipokuwa tawi la Austin la Chuo Kikuu cha Texas, ambalo limeruhusiwa kutumia asilimia ndogo zaidi. Nafasi darasani hupangwa na wilaya ya shule kwa kanuni yake ya uzito. Hapo ndipo desimali zinapokuwa na meno, na hapo ndipo mzazi anapaswa kupata nakala ya kanuni hiyo kabla mtoto hajaingia darasa la 9, aone ni masomo gani yenye uzito na ni yapi hayahesabiwi kabisa.

Kwa watoto wanaojifunza Kiingereza

Sehemu hii tumeiandika kwa sababu wasomaji wengi wa toleo hili la Kiswahili wamekuja Marekani kutoka Kongo, Burundi na nchi jirani, baadhi yao wakipitia kambi za Tanzania na Kenya.

Masomo ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo kwa kawaida hayana uzito, na mara nyingi huchukua vipindi viwili kwa siku. Mtoto huyo anaanza akiwa na nafasi chache za masomo yenye nyongeza. Hilo vyuo hulielewa wakielezwa, na mshauri wa wanafunzi anaweza kulieleza katika barua yake. Mwombeni alitaje waziwazi. Lakini lugha isiyokomaa isiwe sababu ya kumshusha mtoto katika hesabu. Kijana aliyekuwa akikokotoa aljebra kambini kwa Kifaransa anaweza kuikokotoa Ohio. Akiwekwa somo la hesabu la chini darasa la 9, ngazi za hesabu hufuatana, na huenda asifikie kalkulasi kabla ya kuhitimu. Omba apimwe hesabu kando na Kiingereza. Una haki ya kuomba mkalimani katika mazungumzo hayo, na shule ndiyo hugharimia. Mtoto mwenyewe asifanywe mkalimani wa kesi yake.

Kwa waliokuja na hati za shule za nje, angalieni jinsi zilivyogeuzwa. Shule nyingi huandika masomo hayo kuwa yamefaulu tu, bila herufi, na hivyo hayaingii katika wastani. Lakini ikiwa asilimia 65 ya Kongo imefuata jedwali la Marekani na kuwa D, omba kwa maandishi ipitiwe upya, ukiambatanisha karatasi inayoonyesha kipimo cha alama cha nchi ulikotoka. Kipimo hicho mara nyingi kimechapishwa kwenye ripoti yenyewe ya zamani, chini au nyuma.

Kabla ya kutoa fedha

Ziko kampuni zinazouza masomo ya mtandaoni kwa ahadi ya kupandisha wastani, na washauri wanaotoza ada kubwa kwa kukokotoa yale ambayo mshauri wa shule hukokotoa bure. Usilipe kabla ya kuwa na barua ya shule inayosema somo hilo litaingizwa kwenye hati, na kama litapewa uzito. Ahadi ya muuzaji kwamba shule zote hukubali haitoshi. Shule inaweza kulikataa somo baada ya wewe kulilipia.

Mtihani wa AP wa mwezi Mei hulipiwa takriban dola 100 kwa somo, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa; ombi hupitia shuleni. Mtihani huo, unaosahihishwa kwa daraja 1 hadi 5, si alama ya darasani. Uzito hutokana na somo, ingawa ziko wilaya zinazomtaka mwanafunzi afanye mtihani ndipo apate nyongeza. Mtihani wenyewe ndio unaoweza kumpa krediti chuoni, na kila chuo huamua kinakubali daraja lipi. Uliza yote mawili kabla ya kujiandikisha.

Mwisho, ikagueni hati yenyewe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu humpa mzazi haki ya kuziona kumbukumbu za mtoto ndani ya siku 45 tangu alipoomba, na haki ya kuomba makosa yasahihishwe. Mtoto akifikisha miaka 18, haki hiyo huwa yake. Sheria hiyo haikupi nafasi ya kubishania kama insha ilistahili B au A. Hukupa nafasi ya kusema kwamba somo la AP limeandikwa kama la kawaida, au kwamba muhula mmoja haupo. Ombeni hati mwishoni mwa darasa la 11, kabla ya likizo, maana ofisi nyingi za washauri hufungwa kiangazi na maombi ya vyuo huanza mara shule zinapofunguliwa.